Insafu ya Mtoto Mdogo

Mtoto afikapo umri wa miaka miwili aghalabu hukataa kulishwa: humpokonya mama yake kijiko, nusu ya uji ikamwagikia kifuani, na akishikwa mkono ili asaidiwe hulia kwa ghadhabu kana kwamba amedhulumiwa. Erik Erikson, mtaalamu wa elimu ya nafsi, katika kitabu chake cha mwaka 1950 juu ya utoto, aliuona umri huo kuwa ndio wa mvutano baina ya hiari ya mtoto na haya na shaka juu ya uwezo wake. Basi ukaidi huo unaowaudhi wazazi ni nafsi inayoanza kujitambua.

Na nafsi iliyojitambua haikawii kudai fungu lake. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza uchunguzi uliofanywa katika nchi saba, kwa jozi 866 za watoto wa miaka 4 hadi 15. Watoto wawili walikaa wakikabiliana, wakagawiwa vitamutamu, mara sawa kwa sawa, mara mmoja akizidishiwa. Kisha mmoja wao akaachiwa kuamua kwa vishikio viwili, cha kijani kumpa kila mtu fungu lake, na chekundu kuvimwaga vyote katikati, asipate mtu. Katika nchi zote saba, watoto walifikia umri wa kuona heri kukosa kuliko kupunjwa. Lakini kulikataa fungu lililowazidia wao wenyewe kulichelewa, tena kulidhihirika katika nchi tatu tu: Uganda, Kanada na Marekani.

Ni kitu gani basi kimfanyacho mtoto amwonee mwenziwe uchungu wa kupunjwa? Uchunguzi wa mwaka 2011, ambao mtaalamu wa elimu ya nafsi Michael Tomasello alishiriki, uliwapa watoto wa miaka mitatu, wawili wawili, ubao wenye zawadi ambao sharti wauvute pamoja. Mmoja alipoangukiwa na tatu na mwenziwe moja, aliyezidishiwa alielekea kutoa moja ili wawe sawa, zaidi kuliko watoto waliozikuta zawadi bila taabu, au waliovuta kila mmoja kivyake. Sokwe hawakuonyesha tofauti hiyo.

Hapa ndipo tamaa ya kujitegemea na ile ya haki zikutanapo, kwani mtoto hulijua jasho la mwenziwe akiwa naye ametoa lake. Kumruhusu achambue mchele pamoja na nduguye, ijapokuwa chuya zitasalia, huenda kukamfunza insafu kuliko maonyo mengi.