Juba: Uchungu wa uzazi unapoanza baada ya amri ya kutotoka nje

Mapigano yalipozuka mjini Juba usiku wa Desemba 15, 2013, Rais Salva Kiir alitangaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili alfajiri. Kwa mjamzito aliyekaribia siku zake, amri hiyo ilimaanisha kwamba kwa nusu ya siku hospitali haifikiki.

Mwanamke aliyeishi Gumbo, mashariki ya Mto Nile, alihitaji kupata bodaboda, kupita vizuizi vya askari na kuvuka daraja, lililokuwa la pekee mjini wakati huo, ndipo afike Hospitali ya Mafunzo ya Juba. Julai 2016 mapigano yalirejea, na hofu ya barabarani ikarejea nayo.

Wataalamu hueleza vifo vya uzazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kwenda hospitali, wa njiani, na wa kuhudumiwa baada ya kufika. Vita huzidisha yote. Na Sudan Kusini ilianza ikiwa na mzigo mzito: utafiti wa kaya wa mwaka 2006 ulikadiria vifo 2,054 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Chuo cha Uuguzi na Ukunga cha Juba kilifunguliwa mwaka 2010, miaka mitatu tu kabla ya vita.

Hivyo usiku wa amri mzigo huwaangukia waliomo nyumbani: mama mkwe, jirani, mkunga wa jadi. Kuwalaumu hakusaidii, mara nyingi hakuna mwingine. Kifurushi cha kujifungulia chenye sabuni, karatasi ya plastiki, wembe mpya na uzi wa kufungia kitovu hupunguza maambukizi kwa mama na mtoto.

Hatari kubwa zaidi ni kuvuja damu, kunakoweza kuua ndani ya saa mbili. Sindano ya oksitosini, inayotumiwa hospitalini, huhitaji kuhifadhiwa kwenye jokofu, jambo gumu katika mji unaotegemea jenereta. Vidonge vya misoprostoli havihitaji baridi, na vimewahi kugawiwa na wahudumu wa afya wa jamii nchini humo ili mama avimeze mara baada ya kujifungua. Sharti ni moja: visimezwe kabla mtoto hajatoka, na kama ni pacha, kabla wa mwisho hajatoka.

Hata hivyo, mtoto aliyekwama huhitaji upasuaji, na upasuaji haufanyiki nyumbani. Ndiyo maana wakunga huzishauri familia zipange mapema: nani atatoa damu, dereva yupi atapigiwa simu, fedha zimewekwa wapi. Anayeishi mbali huhamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki za mwisho, kabla milio ya risasi haijaanza kusikika.