Pointi za Tenisi Zinakuchanganya? Cheki Vile Okutoyi Alishinda Wimbledon na Gemu Chache

Uko zako pale Longonot na mabeshte, mnacheki tenisi kwa simu. Msee anashinda pointi moja tu, refa anaita "15–0". Manze, hizo 15 zimetoka wapi?

Relax. Tenisi iko na ngazi tatu tu: gemu, seti, halafu mechi.

Gemu

Sufuri inaitwa lavu. Pointi ya kwanza ni 15, ya pili 30, ya tatu 40. Ukipata ya nne, gemu ni yako.

Ngori inaanza mkifika 40–40. Hiyo inaitwa dyusi, na sasa lazima ushinde pointi mbili mfululizo. Ya kwanza inakupa advanteji. Ukipoteza inayofuata, mnarudi dyusi. Ni kama kuzunguka ukingo wa Mlima Longonot: unadhani umefika juu, kumbe njia inashuka na unaanza kupanda tena.

Mchezaji mmoja ndiye huanzisha mipira gemu nzima, kisha mnabadilishana. Ukishinda gemu anayoanzisha mwenzako, umembreki.

Seti

Unahitaji gemu sita, na umwache mwenzako kwa mbili. 6–4 imeisha. 6–5 bado, lakini 7–5 imeisha. Mkifika 6–6 mnacheza taibreki, na hapo hesabu ni ile ya kawaida: moja, mbili, tatu, hadi saba. Bado lazima umwache na mbili.

Mechi

Kawaida ni wa kwanza kushinda seti mbili. Kwa Grand Slam, wanaume wakicheza mmoja kwa mmoja hutafuta tatu.

Sasa cheki hii ya Okutoyi

Julai 2022, Angella Okutoyi wetu na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walikuwa fainali ya Wimbledon, wasichana wawili kwa wawili, upande wa vijana. Walikutana na Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Matokeo: 3–6, 6–4, 11–9.

Hiyo 11–9 ni nini? Hapo seti zikiwa 1–1, badala ya seti ya tatu walicheza taibreki ya kufika 10. Lakini mkiwa 9–9, kufika 10 pekee hakutoshi, lazima uwache mwenzako na mbili. Ndiyo maana ikaishia 11.

Sasa piga hesabu ya zile seti mbili. Okutoyi na mwenzake walikuwa na gemu tisa. Wakanada walikuwa na kumi. Wenye gemu chache ndio walibeba taji, na Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la vijana.

Siri ni hiyo. Tenisi haijumlishi. Ukichapwa 6–0 seti ya kwanza, hiyo aibu inabaki huko nyuma. Seti ya pili inaanza 0–0, sawa kwa wote.

So next time ukiona mtu wako amelimwa seti moja, usizime simu.