Nukta ya Penseli

Bibi yangu alikuwa akiyatia mayai alama ya mkaa. Kuku akishaanza kuatamia, bibi huchora mstari kwenye kila yai lililo chini yake, ili mitetea wengine wakija kutagia humo humo ajue yapi ni mageni ya kuondoa. Mkaa ule ulinirudia akilini miaka mingi baadaye, nyumbani kwa rafiki yangu Uingereza, alipofunua kopo la plastiki la chakula na kunionyesha mayai mawili ya mjusi wake. Kila moja lilikuwa na nukta ya penseli.

“Hiyo ni ya nini?”

“Upande wa juu,” akasema. “Lilivyotagwa ndivyo litakavyokaa mpaka siku ya mwisho.”

Kwa mtu aliyekulia na kuku, hili ni geni. Kuku huyageuza mayai yake kwa mdomo mara nyingi kwa siku, na mashine za kutotoleshea vifaranga zimeundwa kumuiga. Ndani ya yai la ndege mna nyuzi za ute zinazokishika kiini cha njano pahali pake hata yai likibiringishwa. La mjusi halina nyuzi hizo. Muda mfupi baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda. Ukiligeuza, unaweza kukikandamiza chini ya uzito wa kiini au kuikata mishipa yake. Mikono inayomsaidia kifaranga ndiyo inayomuua mjusi.

Mjusi mwenyewe alikuwa mjusi-chui, Eublepharis macularius, wa nyanda kavu za Afghanistan, Pakistan na India. Ni wa ukoo wa karibu na mjusi kafiri wa kuta zetu, ila huyu ana kope na hufumba macho. Mayai yao hayafanani hata kidogo. Yale ya mjusi kafiri unayoyakuta nyuma ya fremu ya picha, meupe kama vidonge, yana ganda gumu kama chokaa. La mjusi-chui ni laini kama ngozi nyembamba, nalo hunywa maji. Hulazwa kwenye vermikulaiti, madini mepesi yanayoshika unyevu: ukiyafinya mkononi yashikamane, yasichuruzike. Yakikauka, yai hubonyea; yakilowa sana, huota ukungu. Baada ya wiki moja hivi rafiki yangu aliyamulika kwa tochi gizani bila kuyanyanyua, na mishipa myekundu ikaonekana kama mizizi. Yai viza huwa la manjano matupu.

Halafu kuna joto, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Jinsia ya kifaranga huwa imeshaamuliwa na kromosomu kabla yai halijatagwa. Mjusi-chui hana kromosomu za namna hiyo. Mayai yakitunzwa kwenye nyuzi 26 za Selsiasi, karibu wote hutoka majike. Yakiwa kwenye 32 na nusu hivi, wengi ni madume. Pandisha mpaka 34 na majike wanarudi! Na si jinsia tu: David Crews na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliona kwamba jike aliyetokea kwenye joto la madume huwa mkali kuliko wenzake wa joto la chini.

Jambo hili lilianza kuonekana Afrika. Mwaka 1966, Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar, Senegal, aliripoti kwamba joto la mayai lilibadilisha uwiano wa madume na majike wa Agama agama, yule mjusi anayetingisha kichwa juu ya mawe. Wengi hawakulitilia maanani wakati huo. Huko Australia yupo mjusi mwenye ndevu, Pogona vitticeps, ambaye kromosomu anazo, lakini joto likizidi 32 mwenye kromosomu za dume anaweza kuzaliwa jike. Mwaka 2015 Clare Holleley na wenzake walionyesha kwamba majike wa aina hiyo wamo porini na wanazaa, na kwamba kwa watoto wao joto pekee ndilo huamua.

Rafiki yangu alikuwa ameweka kidhibiti joto kwenye 27. Hakuwa na nadharia yoyote. Alitaka majike, kwa kuwa madume wawili hawakai chombo kimoja bila kuumana. Gharama yake ni subira: kwenye 32 angengoja siku arobaini na kitu, kwenye 27 alingoja karibu miezi miwili.

Jioni ya kuanguliwa, yai la kwanza lilitoa matone kama jasho, likanywea. Mjusi wa ukoo huu ana meno mawili ya kupasulia ganda, na mpasuko ulikuwa safi kama wa wembe. Pua ikatokeza, ikapumua, ikatulia saa nzima. Mtoto hakupewa chakula. Siku za mwanzo huishi kwa kiini kilichobaki tumboni, mpaka ajivue ngozi ya kwanza na kuila.

Lile la pili lilikuwa bado limetuna. Nilinyoosha kidole. Rafiki yangu akafunika kopo.