Kilima cha Topeka na Njia ya Tonado

Katika lugha yetu, upepo uzungushao vumbi uwanjani wakati wa jua kali huitwa kisulisuli au chamchela. Na tufani itokayo baharini, kama ile iliyoangusha mikarafuu ya Unguja mwaka 1872, huitwa kimbunga. Lakini uko upepo wa tatu, ambao Wamarekani huuita tonado. Wafasiri wengi huuita nao kimbunga. Ila tukiuchanganya na ule wa baharini, hatutaifahamu njia yake. Kimbunga cha baharini huenea mamia ya kilometa na kudumu siku nyingi. Tonado kwa kawaida haizidi upana wa mita mia chache, na mara nyingi hudumu dakika tu.

Tonado ina miendo miwili, kama pia ichezwayo na watoto: huzunguka, na huku inasafiri. Lakini pia husimama juu ya ardhi, na tonado hushuka kutoka katika wingu la radi. Wingu likienda, nayo huenda. Na kwa kuwa katika nchi tambarare za kati ya Marekani pepo za juu mara nyingi hutoka kusini-magharibi, tonado nyingi huelekea kaskazini-mashariki.

Jambo hili lafafanua itikadi moja ya watu wa Topeka, mji wa Kansas. Upande wa kusini-magharibi wa mji kipo kilima kiitwacho Burnett's Mound. Watu walisimuliana, wakidai kwamba neno hili latoka kwa wenyeji wa kwanza wa nchi ile, ya kuwa kilima hicho huukinga mji na tonado. Hadithi hii haikuwa upuuzi mtupu: walioisimulia waliujua upande utokako upepo, wakaiweka ngao mahali pake. Kosa lao ni kudhani kwamba ngao ile yatosha. Jioni ya tarehe 8 Juni 1966 tonado ilitokea upande ule ule, ikapita juu ya kilima chenyewe, ikaukata mji pembe hata pembe. Watu zaidi ya 15 walikufa. Baadaye wengine walinena kwamba kilima kilipotewa na nguvu zake kwa sababu ya tangi la maji lililojengwa pale.

Lakini sababu si tangi. Wingu lizaalo tonado huinuka zaidi ya kilometa 10. Kilima mbele yake ni kama kichuguu mbele ya tembo. Wala mto hauizuii. Tarehe 18 Machi 1925 tonado moja iliuvuka mto Mississippi, ikapita Missouri, Illinois na Indiana, mwendo wa kilometa 350 hivi kwa muda wa saa tatu na nusu, ikaua watu 695.

Hata mwelekeo wenyewe si ahadi. Karibu na El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013, tonado iligeuka ghafula, ikawaua watafiti watatu waliokuwa wakiifuata na vyombo vyao.

Basi tusiwacheke watu wa Topeka. Mapokeo ya wazee huweka maarifa na matumaini katika chungu kimoja, na ni wajibu wetu kuvitenga. Siku ile wengi waliokolewa, si na kilima, bali kwa kuwa walisikia onyo mapema, wakashuka katika vyumba vya chini ya ardhi.