Unauza mashine za boti mtandaoni? Omba kipimo kabla ya kupokea hela

Mteja wako wa Mtera amelipia mashine ya boti. Umeipakia kwenye basi hapa Dodoma, jioni ameipokea. Kesho yake asubuhi simu inaita: "Boss, umeniuzia kimeo! Inanguruma tu, boti haiendi." Sasa anataka hela yake, na gharama ya kurudisha mzigo ni juu yako.

Wakati mwingine mashine ni nzima kabisa. Shida ni kwamba urefu wake hauendani na boti.

Iko hivi: mashine hizi zina urefu tofauti wa shafti. Zilizozoeleka ni fupi ya inchi 15 (kama sm 38) na ndefu ya inchi 20 (kama sm 51). Mwambie mteja achukue futi kamba, apime ubao wa nyuma pale mashine inapofungwa, kuanzia ukingo wa juu kushuka wima mpaka chini ya boti. Ikija karibu 15, mpe fupi. Karibu 20, mpe ndefu. Omba na picha ya kipimo, uitunze.

Ukituma fupi kwenye boti ndefu kwenda chini, propela inakaa juu, inavuta hewa na kuzunguka bure. Ukituma ndefu kwenye boti fupi, propela inakwangua matope na kugonga visiki. Na Bwawa la Mtera lina miti iliyozama, halafu kiangazi maji yanapungua sana.

Mzigo ukiondoka, mtumie na maelekezo haya WhatsApp:

1. Juu ya propela kuna bati bapa. Boti ikiwa nchi kavu na mashine imesimama wima, bati hilo liwe usawa mmoja na chini ya boti, au lishuke isizidi inchi 1.

2. Kwenye maji madogo anaweza kuinua mashine kwa kuweka kipande cha ubao mgumu juu ya ukingo inapokaa. Ainue sm 1 au 2 kwanza, ahakikishe vibano bado vimeshika vizuri, kisha ajaribu akiwa na mzigo wake wa kawaida.

3. Akikata kona mashine ikapiga kelele ghafla na boti ikaishiwa nguvu, imepanda mno. Ashushe.

4. Mchirizi wa maji ya kupoozea utoke muda wote. Ukikatika, azime haraka. Huenda tundu la kuvuta maji limebaki hewani au limeziba kwa matope, na hapo ndo mashine inaungua.

Kupima ni dakika 5 tu. Mzigo ukirudi umepoteza nauli, siku mbili tatu, na mteja ambaye angekuletea wavuvi wenzake.

Wewe unauza bidhaa gani inayohitaji kipimo kwanza? Tuambie kwenye komenti, wenzako wajifunze.