Tangazo lao, bando lako: njia ipi nafuu ya kuzuia video zinazojicheza?

Kabla hujanunua bando kubwa zaidi kwa sababu MB zinakuishia haraka, angalia kwanza zinaenda wapi. Kama unasoma habari mtandaoni kwa simu, sehemu ya MB hizo inaliwa na video za matangazo ambazo hukuziomba. Mtangazaji anamlipa mwenye tovuti. Gharama ya kuishusha video hiyo hadi kwenye simu yako unailipa wewe.

Habari njema ni kwamba njia nyingi za kujikinga ni za bure. Tumezipanga hapa kwa bei, kwa usumbufu wake na kwa aina ya simu uliyonayo, ili uamue leo kabla bando la kesho halijaungwa.

Hasara yenyewe ni kiasi gani?

Habari ya maneno elfu moja, maandishi matupu, haifiki KB 10. Tangazo la video la sekunde 30 lenye picha safi ya 720p hula takriban MB 9. Likiwa na picha ya wastani ya 360p, ni MB 2 hadi 3. Kwa MB 9 hizo ungesoma maandishi ya habari karibu 900.

Tuchukue mfano wa GB 1 kwa Sh2,000 Tanzania, au Sh100 Kenya. Ukifungua kurasa 10 kwa siku, kila moja ikiwa na tangazo la MB 9, umepoteza MB 90. Hiyo ni Sh180 kwa siku, au Sh5,400 kwa siku 30. Kwa Kenya ni Sh270 kwa siku hizo 30. Weka bei ya bando lako mwenyewe kwenye hesabu hii uone.

Tatizo si la leo. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilipima tovuti 50 za habari kwenye simu, likakuta zaidi ya nusu ya data ilikuwa ya matangazo na vitu vingine ambavyo vizuia matangazo huviondoa.

Makato usiyoyaona

La kwanza ni video bubu. Kwa miaka kadhaa sasa vivinjari vikubwa vimekuwa vikizuia video zinazoanza kwa sauti bila kuguswa, lakini vinaruhusu zisizo na sauti. Husikii kitu, kwa hiyo hushtuki, na MB zinakatwa vilevile.

La pili ni kushushwa mapema. Video huanza kuingia kwenye simu kabla hujaiona, na hata ukiipita haraka, sehemu iliyoshuka umeshailipia. Nyingine hujibandika pembeni ya kioo na kukufuata unaposhuka na ukurasa, kisha huendelea na video ya pili.

La tatu ni salio. Bando likikata katikati ya tangazo, baadhi ya laini huendelea kukutoza kwenye salio kwa bei ya nje ya bando, ambayo ni ghali zaidi. Uliza huduma kwa wateja wa mtandao wako namna ya kuzuia hilo, na uzuie leo.

La nne ni muda. Ukinunua bando la saa moja, kila dakika ambayo ukurasa unasuasua kwa sababu ya video ni dakika uliyoilipia.

La tano ni kidole kuteleza. Video inapojitokeza ghafla, maandishi yanaruka na unajikuta umegusa tangazo. Matangazo mengine hukupeleka kwenye ukurasa wa kujiunga na meseji za kulipia za kila siku. Ukiona salio linapungua bila sababu, piga huduma kwa wateja, uulize umeunganishwa na huduma zipi, kisha uzifute zote usizozitaka.

Chaguo la 1: Kusasisha kivinjari ulichonacho

Bei: bure, ukiondoa MB za kusasisha. Inafaa simu nyingi za Android.

Tangu Agosti 2020 Chrome huondoa tangazo likizidi MB 4 za data au likitumia nguvu nyingi mno za simu. Google ilieleza kwamba matangazo mazito kiasi hicho ni asilimia 0.3 tu ya yote, lakini yalikuwa yanakula asilimia 27 ya data ya matangazo.

Udhaifu upo. Tangazo la MB 3 linapita bila kuguswa. Na ukiligusa, hata kwa bahati mbaya, ulinzi huo unaondoka kwa tangazo hilo. Kwa hiyo usihangaike kusaka alama ya kufungia iliyo ndogo kama punje ya mtama. Lipite tu.

Chaguo la 2: Kuzima JavaScript kwa tovuti sumbufu

Bei: bure kabisa, hakuna cha kupakua.

Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya mipangilio ya tovuti, kisha uzime JavaScript, yaani msimbo unaoendesha vitu vinavyojongea kwenye ukurasa, kwa tovuti moja moja. Matangazo mengi ya video yanategemea msimbo huo, hivyo yatanyamaza papo hapo. Ukurasa utafunguka haraka hata kwenye simu ya zamani.

Unachopoteza: baadhi ya kurasa hazitafunguka kabisa, na picha nyingine hazitatokea. Usiizime kwa benki wala kwa malipo ya mtandaoni. Kwa tovuti za habari za maandishi, hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote.

Chaguo la 3: Kivinjari chenye kizuia matangazo

Bei: bure. Kinahitaji nafasi kwenye simu, na huwa na masasisho ya mara kwa mara.

Vipo vinavyokuja na kizuizi ndani yake, na vipo vinavyokubali kuongezewa. Kwa msomaji wa kila siku, hili ndilo chaguo bora. Video haishushwi kabisa, kwa hiyo MB zinabaki na betri inadumu. Kipakue ukiwa kwenye Wi-Fi, na kutoka duka rasmi la programu tu.

Unachopoteza: baadhi ya tovuti zitakataa kukufungulia mpaka uzime kizuizi. Na simu yenye nafasi ndogo italemewa.

Chaguo la 4: Kivinjari kinachobana data

Bei: bure, na ni chepesi. Kinafaa simu ndogo na mtandao hafifu.

Kurasa hupitia kwanza kwenye mitambo ya kampuni, zikabanwa, ndipo zikufikie. Hapo ndipo penye tahadhari: kinapobana, wa katikati anaweza kuona unachofungua. Kitumie kusomea habari, usikitumie kwa nywila za benki. Pia zima arifa zake, maana kivinjari cha aina hii kinaweza kukuletea matangazo yake chenyewe.

Chaguo la 5: DNS binafsi

Bei: bure. Inahitaji Android 9 au mpya zaidi.

DNS ndiyo inayoielekeza simu tovuti ilipo. Unaandika anwani ya huduma ya DNS inayozuia matangazo kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, na inafanya kazi hata ndani ya programu nyingine, si kivinjari tu. Lakini ukikosea herufi moja, intaneti yote inakata. Wi-Fi za hotelini na kwenye migahawa zinaweza kukataa kuunganishwa mpaka uizime. Na video inayotoka kwenye anwani ileile ya habari itapita.

Chaguo la 6: Kulipia usajili wa gazeti la mtandaoni

Lipia kwa sababu unathamini kazi ya waandishi. Usilipie ukidhani matangazo yataisha, kwa maana usajili mwingi unafungua habari tu na matangazo yanabaki. Uliza mambo matatu kabla ya kutoa hela: matangazo yanaondoka? Usajili unajirudia wenyewe? Bei ni kwa shilingi au kwa dola? Ya dola hupanda na kushuka, na kadi yako inaweza kukatwa ada ya kubadilisha fedha.

Vya kuepuka

VPN za bure zinazojinadi kuzuia matangazo: rahisi ghali. Data yako yote inapita kwao, na lazima wapate fedha mahali. Epuka pia programu inayoomba ruhusa ya kusoma meseji zako ili izuie matangazo. Haiihitaji.

Muundo wa kusomea, ule unaoacha maandishi peke yake, unapumzisha macho. Ila mara nyingi ukurasa huanza kushuka wote kwanza, kwa hiyo usiutegemee kuokoa MB.

Uamue vipi?

Simu ndogo na bando la siku: zima JavaScript kwa tovuti za habari, na weka kivinjari kinachobana data kwa usomaji tu.

Simu ya wastani na bando la wiki au mwezi: chukua kivinjari chenye kizuizi. Ongeza DNS binafsi kama matangazo ya ndani ya programu nayo yanakukera.

Wi-Fi ya nyumbani isiyo na kikomo: MB si tatizo kubwa, lakini vifurushi vingi vya aina hiyo hupunguza kasi ukivuka kiwango fulani. Kizuizi bado kina faida.

Jambo la mwisho ni la haki. Waandishi wanaishi kwa matangazo, na tovuti inayoweka tangazo la picha lililotulia haijakukosea. Iruhusu hiyo kwenye kizuizi chako. Inayokurushia video bila idhini iache izuiwe, na kama ina anwani ya barua kwa mhariri, mwandikie umwambie sababu. Kisha pima: angalia matumizi ya data ya kivinjari kwenye mipangilio ya simu leo, rudia baada ya wiki moja. Kama namba haijashuka, jaribu chaguo linalofuata kabla hujaongeza hata shilingi kwenye bando.