Jinsi lugha ya Python ilivyohama kutoka ghala moja

Lugha ya kompyuta ya Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Hata hivyo, kwa miaka mingi ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka yake.

Hadi mwaka 2011, Python ilihifadhiwa kwa mfumo wa Subversion. Katika mfumo huo, historia ya kazi, yaani nani alibadilisha nini na lini, hukaa katika seva moja. Wenye idhini ya kuandika humo waliweza kuhifadhi kila hatua ya kazi yao. Mchangiaji wa kujitolea aliweza kuchukua nakala, lakini hakuwa na mahali pa kuwekea kumbukumbu za hatua zake. Alituma marekebisho na kusubiri. Intaneti ilipokatika, hata wenye idhini walikwama.

Mfumo uliogatuliwa huziba pengo hilo. Kila anayenakili mradi hupata historia nzima katika kompyuta yake, huhifadhi hatua zake bila mtandao, kisha huziwasilisha zikiwa na jina lake. Seva ikiharibika, historia husalia katika nakala za wengine.

Wataalamu wa Python walilinganisha mifumo mitatu: Bazaar, Git na Mercurial. Mwezi Machi 2009, van Rossum alitangaza kuwa Mercurial ndiyo iliyochaguliwa. Git ilikuwa na wapinzani miongoni mwao, na wakati huo haikufanya kazi vizuri kwenye Windows. Uhamisho ulikamilika Machi 2011, miaka miwili baada ya uamuzi.

Mwezi Februari 2017, mradi ulihama tena, safari hii kwenda Git kupitia tovuti ya GitHub, ambayo wachangiaji wengi walikuwa wameshaizoea.

Ugatuzi huo, hata hivyo, haukumpa kila mtu sauti sawa. Nakala ni ya wote, lakini kinachoingia katika toleo rasmi bado huamuliwa na wachache. Aidha, tangu Aprili 2022 taarifa za kasoro za Python na mijadala yake zimehifadhiwa GitHub, tovuti inayomilikiwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Anayenakili mradi kwa Git huondoka na historia ya programu. Mijadala hiyo huiacha nyuma.